Nguo Isiyoonwa na Jua

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo na magoti yangu haya mabovu, miguu inataka kucheza. Nitakusimulia, maana nimesikia umepata kazi katika duka la nguo na unaanza Jumatatu. Nimefurahi mpaka chai yangu imepoa. Wenzako watakwambia, ah, kazi ya dukani hiyo, kusimama na kukunja tu. Waache waseme. Mimi nimesimama nyuma ya meza ya duka la nguo ujana wangu wote, na sijaona kazi tamu kama ile.

Nilitoka kwetu Kanazi, upande wa Ngara, nikiwa kijana wa mashati mawili na maneno elfu. Marehemu baba alitaka nibaki na migomba yake. Mimi niliona migomba haiongei, na mtu kama mimi asipopata wa kuongea naye ataugua. Nikapanda gari mpaka Biharamulo mjini, na huko nikapata kazi kwa Bi Shamsa.

Bi Shamsa alikuwa mjane, mtu mzima, mwenye duka la nguo na vitambaa karibu na soko. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani zamani hizo, ukoo ukaota mizizi palepale, lakini Kiswahili chake kilibaki cha kwao. Hata akikugombeza ulitamani arudie. Na alijua kugombeza, nakuhakikishia.

Ngoja nikuonjeshe kidogo asubuhi zetu. Kwanza unafungua milango na kunyunyiza maji sakafuni, vumbi lilale. Kisha unamvisha sanamu wa mlangoni. Sanamu wetu alikuwa na mkono mmoja, tukimwita Bi Harusi, na mikono mirefu ya gauni ilinifundisha kutumia pini kuliko fundi yeyote. Halafu unachukua mti wenye ndoano na kutundika magauni juu ya mlango, moja baada ya jingine, mpaka upepo wa asubuhi unayapeperusha na watu wa sokoni wanageuza shingo. Na siku robota jipya linapofunguliwa! Ile harufu ya kitambaa ambacho hakijavaliwa na mtu! Nilikuwa navuta pumzi mpaka Bi Shamsa anauliza kama nataka kuuza nguo au kuzila.

Mwezi wa shule kufunguliwa, akina mama walikuja na watoto, kila mmoja akitaka sweta litakalomtosha mwanawe mpaka aote ndevu. Idi na Krismasi ndiyo usiseme, watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nilijifunza kumtazama mtu anapoingia tu nikajua kiuno chake. Nilijifunza kumsalimia kila mmoja kwa lugha yake. Mhangaza mwenzangu nilimpokea kama ndugu, Mzinza nilimbabaishia Kizinza mpaka akacheka, na Msukuma akiingia mchana nilimpiga na "Mwadila!" kabla hajavuka kizingiti. Mtu akisalimiwa kwa lugha ya mama yake, mkono wake huwa mwepesi. Jioni miguu ilivimba, nikaiweka kwenye beseni la maji, na bado nilitamani kukuche.

Sasa, duka la Bi Shamsa lilikuwa na amri moja. Lilikuwa refu kwenda ndani, lina dirisha moja dogo, na kuta zake zilikuwa za bluu. Humo ndani rangi za nguo zilidanganya watu mchana kweupe. Kwa hiyo mteja akipenda kitambaa, hukati. Unakibeba, unatoka nacho nje, unashuka ngazi, unakifungua juani, mteja anakitazama kwanza. Ndipo mnarudi ndani kukata.

"Nguo isiyoonwa na jua haijauzwa," ndivyo alivyosema Bi Shamsa, kila siku, kama dua.

Mimi amri ile iliniudhi, sikufichi. Mara ngapi nilimlainisha mteja kwa maneno mpaka akalegea, halafu tukitoka nje anakunja pua na kusema atapita kesho? Niliona tunatoka nje kuifukuza riziki. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi nilikuwa na ulimi wa kuviuza vyote viwili. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wangu ulikuwa hauna hata breki.

Basi ikaja ile siku. Ilikuwa mchana wa mvua, mvua ile ya kwetu inayopiga bati mpaka mnaongea kwa kupigiana kelele. Bi Shamsa alikuwa amekwenda msibani Nyabusozi, akaniachia duka peke yangu. Mara wakaingia akina mama, wameloana, wanacheka, wamejaa duka zima. Mbele yao alikuwa mama mmoja mrefu, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Huyo alikuwa Mama Kulwa wa Runazi. Wazazi wake walihamia huko na mifugo yao kutoka Shinyanga, na yeye kwa mahindi na ng'ombe wake alikuwa mtu anayehesabika. Alikuwa na mabinti pacha, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa anaolewa Jumamosi iliyokuwa inafuata.

"Kijana, tunataka sale ya halusi," akasema. "Mimi na dada zangu na mawifi wote, kitambaa kimoja. Wakwe wanatoka Mwanza, ni watu wa mjini. Nataka tukisimama pale uwanjani watutazame waone kitu kimoja. Wasiseme binti yetu wamemtoa kwa watu waliookoteza nguo."

Mwanangu, moyo wangu uliruka! Sare ya ukoo mzima! Tangu nianze kazi sijapata kuuza kitu kikubwa namna ile, na mwenye duka hayupo kuona ninavyojua. Niliteremsha jora la kitambaa chekundu chenye maua meupe, nikalimwaga mezani likatiririka kama maji. Nikajifunga begani, nikatembea kama bibi harusi, wakaangua kicheko. Nikawaambia wakwe wa Mwanza wataomba waachiwe na mashangazi pia. Mama Kulwa akapiga meza na kusema ndicho hicho.

Jora likawa halitoshi. Nikapanda ngazi, nikashusha la pili kutoka rafu ya juu, maua yaleyale, wekundu uleule. Nikayalaza pamoja, yakawa sawa. Nilitazama mlangoni, mvua inamwagika, na gari lao linapiga honi kwamba linaondoka. Nikajisemea kwamba leo jua lenyewe halipo, amri ya jua itatoka wapi? Nikachukua mkasi. Ule mlio wa mkasi kwenye kitambaa kipya, hakuna ngoma inayoushinda! Nikakata, nikakunja, nikafunga, wakaondoka wakiimba.

Asubuhi yake kulikucha na jua la kuoshwa. Nilitoka na vile vipande viwili vilivyobaki, kimoja cha kila jora, nikavitundika mlangoni kumvutia mteja mwingine. Nikarudi nyuma kutazama jinsi vilivyopendeza. Ndipo nilipoona. Kimoja kilikuwa chekundu cha udongo, udongo wetu huu wa barabarani baada ya mvua. Cha pili kilikuwa damu ya mzee. Maua yaleyale, kiwanda kilekile labda, lakini rangi zilikuwa zimechanganywa siku tofauti, na hata kipofu angeziona zina ugomvi.

Bi Shamsa alinikuta nimesimama palepale. Alitazama vipande, akanitazama mimi, hakuuliza mengi. Nilidhani atapiga kelele. Akakaa juu ya ngazi, akavuta ushungi wake, akasema polepole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mwanangu, umemuuzia mwenzio nini?"

"Kitambaa, bibi."

"Hukumuuzia kitambaa. Yule mama alikuja kununua kusimama mbele ya wakwe zake bila kuinamisha kichwa. Hicho ndicho alichokitaka, na hicho hukumpa."

Nikasema mvua ilinyesha. Nikasema gari lilikuwa linawaacha.

"Mvua ina mwisho," akasema. "Haraka haraka haina baraka, na wewe haraka yako ilikuwa ya kujionesha. Kitambaa kingine cha kutosha ukoo mzima sina, na Jumamosi si mbali. Lakini fundi wao pengine hajakata. Chukua baiskeli yangu uende Runazi. Mdomo uliouza ndio utakaosema. Mwambie kama anataka kurudisha vyote, arudishe. Na usiposema, usirudi."

Nilipanda baiskeli ile nikaikanyaga, mwanangu! Matope yaliruka mpaka mdomoni, vilima nilivipanda nikisimama, mabonde niliyashuka nimeachia breki, watu wa mashambani walidhani nakimbilia kuzaliwa kwa mwanangu. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, mkasi wa fundi. Maji yakimwagika hayazoleki, na nguo ikikatwa ndiyo imekatwa. Nikafika Runazi, nikaulizia, nikaelekezwa nyumba iliyokuwa na turubai limeshafungwa uani na masufuria ya kukodi yamepangana ukutani.

Fundi alikuwa barazani, ameshachora chaki, mkasi uko mkononi. Nikapiga kelele, "Usikate!" mpaka kuku wakatawanyika.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo siku yenyewe ilipo. Fundi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia rangi zinatofautiana. Akainua vitambaa vyote viwili, akavitazama pale kivulini, akasema, "Mbona ni sawa tu, kijana?" Na kweli, pale barazani vilikuwa sawa! Akina mama waliokuwa wanachambua mchele hawakuona kitu. Hakuna aliyeona kitu, mwanangu, ila mimi. Ningeweza kusema, aa, nimekosea, samahani, nikanywa maji yao nikaondoka. Wangejua Jumamosi, uwanjani, mbele ya wakwe. Nami ningekuwa mbali.

Sitakudanganya kwamba sikufikiria. Nilifikiria. Kisha nikamwona Mama Kulwa anatoka jikoni anafuta mikono, uso wake una furaha mpaka unang'aa, akasema, "Aa, mwanangu wa dukani! Umetuletea zawadi?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Njoo juani."

Nikavibeba vitambaa, nikashuka uani, nikavitandaza juu ya kamba ya kuanikia, kimoja hapa, kingine pale. Nikamwambia yote. Kwamba ni majora mawili, kwamba sikuvitoa nje kuvitazama kwa sababu nilikuwa nataka kuuza, kwamba Bi Shamsa yuko tayari kupokea vyote virudi.

Ee, mwanangu! Yule mama alinisema! Alinisema Kiswahili kikamwishia akahamia Kisukuma, na Kisukuma sikukijua vizuri lakini niliyaelewa yote. Mawifi nao wakadakia. Akasema nimemwaibisha, akasema wakwe watahesabu langi kama wanavyohesabu ng'ombe, akasema sasa atavaa nini, gunia? Mimi niliinamisha kichwa na kupokea, maana ilikuwa haki yake. Halafu akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akashika tama. Nikaona machozi. Kelele zote zile hazikuniuma kama machozi yale.

Wale mabinti, Kulwa na Doto, walikuwa wamekuja kutazama kuna nini. Kulwa akavuta kitambaa cha udongo akajitupia begani, kujaribu tu. Doto akachukua kile cha damu ya mzee. Wakasimama pale juani wakitazamana. Na nisije nikasahau kukwambia, pacha wale hawakufanana hata kidogo. Kulwa alikuwa maji ya kunde, mwembamba. Doto alikuwa mweusi wa kung'aa, mnene kama mama yake.

Mama Kulwa akawatazama. Akatazama vitambaa. Akainuka polepole kutoka kwenye kinu.

"Kwani hawa wawili," akasema, "mimi nimewazaa langi moja?"

Akawasogeza wakasimama bega kwa bega.

"Na nani amewahi kuniambia si pacha?"

Akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni, akina mama wakaelewa mmoja baada ya mwingine, na vigelegele vikapasuka mpaka majirani wakaja. Upande mmoja wa ukoo utavaa cha udongo na kutoka nyuma ya Kulwa. Upande wa pili utavaa damu ya mzee na kutoka nyuma ya Doto. Mwanangu, Wasukuma unawajua. Ukiwagawa makundi mawili umeshatangaza mashindano ya ngoma! Kabla sijageuza baiskeli walikuwa wanagombana nani acheze upande gani. Fundi akarudi kwenye chaki yake. Mama Kulwa akanipa maji ya kunywa na maneno makavu, "Jumamosi uje, na bibi yako. Tukiaibika, uaibike na wewe."

Tulikwenda. Bi Shamsa alivaa baibui lake zuri, mimi nilivaa shati langu la pili. Na pale uwanjani, wakwe wakiwa wamekaa, safu mbili zilitoka nyumbani kwa pamoja, wekundu huu na wekundu ule, kila pacha na jeshi lake. Ngoma ikalia. Vumbi likapanda. Upande wa Kulwa ukiyumba hivi, upande wa Doto unajibu vile, mabega yanapanda na kushuka, bibi mmoja wa miaka mingi akaitupa fimbo yake akaingia katikati! Mimi mwenyewe nilivutwa nikacheza upande wa damu ya mzee mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Wakwe wa Mwanza walisimama wote. Niliona Mama Kulwa amesimama mbele yao, kichwa juu kabisa. Bi Shamsa akanigusa bega, akasema, "Sasa umemuuzia."

Lakini usije ukadhani nakufundisha kwamba kila kosa mwisho wake ni harusi. Hapana. Yule mama angeweza kunifukuza na mbwa, na bado ningepaswa kwenda. Mficha uchi hazai. Mimi sikwenda Runazi kwa sababu nilijua mambo yatanyooka. Nilikwenda bila kujua, na ndiyo maana safari ile ina thamani.

Na hiki ndicho nilichotaka ukisikie zaidi ya vyote. Siku chache baada ya harusi, Mama Kulwa alirudi dukani na akina mama wengine wa Runazi nyuma yake. Bi Shamsa akainuka kumhudumia mwenyewe, kwa heshima. Mama Kulwa akamzuia kwa mkono.

"Nakushukulu, bibi. Lakini mimi namtaka yule aliyekuja nyumbani kunikasilisha."

Akachagua kitambaa. Na kabla sijafungua mdomo, akakikumbatia, akageuka, akatoka nacho mwenyewe kushuka ngazi mpaka juani. Wenzake wote wakamfuata.

Kwa hiyo, mwanangu, Jumatatu ukifungua milango, furahi. Nyunyiza maji, mvishe sanamu wako, vuta ile harufu. Msalimie kila anayeingia kama aliyekuwa anangojewa. Siku hizi mna taa kali, mna vioo, mnapiga picha za nguo na kuzituma kwenye simu, na picha nazo zinadanganya kuliko ukuta wa bluu wa Bi Shamsa. Wewe toka na nguo juani. Mwambie mteja kasoro kabla hajaiona, hata kama ni uzi mmoja, hata kama bosi anakukazia macho. Na siku ukikosea, maana utakosea, usingoje mtu akugundue. Panda baiskeli. Fika kabla ya mkasi.

Mungu akupe miguu isiyochoka na mkono usiotetemeka unapokata. Akupe ulimi mtamu, na aufunge kamba usitangulie ukweli. Na akujalie mteja atakayekukasirikia leo, kisha kesho avuke mji mzima apite kila mlango, aje akuulizie wewe kwa jina.

Haya, nenda. Nami hiyo Jumatatu nitapita kununua shati, na nitataka kuliona nje.